Raba za Kumlinda Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimempiga mama mkwe mawe. Mwenyewe bado hajui. Naandika kwa mpangilio nisije nikajichanganya siku ya kuulizwa.

Mama mkwe anakodisha mahema na viti vya shughuli. Mali hiyo inasafiri kwenye tela lake, na tela linavutwa na pikapu yangu. Ndiyo kazi yangu. Kazi pekee, kama mke wangu anavyopenda kuwafafanulia wageni. Wiki iliyopita mama mkwe aliamua tela lipakwe rangi upya na achorwe yeye mwenyewe, uso mzima, kuanzia kidevuni hadi kwenye kilemba, anatabasamu. Mchoraji akashauri picha ikae mlango wa nyuma, ili wanaofuata barabarani wamwone. Mama mkwe akasema yeye hajawahi kwenda kinyumenyume tangu azaliwe. Basi kachorwa ubao wa mbele.

Maana yake anaitazama pikapu mgongoni. Nikiangalia kioo, yupo. Nikikata kona, naye anakata. Nimemleta nyumbani kutoka kwa mchoraji kwa mwendo wa kinyonga, jasho linanitoka, mikono yote miwili kwenye usukani. Hata redio sikuwasha.

Barabara yetu haina lami, ni kokoto na madimbwi. Njiani nikasikia huko nyuma, ko, ko, ko. Sikutilia maanani. Nimefika, nimechukua ndoo na sponji nimwoshe matope, ndipo nilipoona. Meno mawili ya juu, yale ya mbele kabisa. Katikati yake pana mstari mweusi, upana wa kidole cha mtoto. Hapana rangi nyeupe hata chembe. Tairi langu limerusha jiwe na kumng'oa mama mkwe ubavu wa jino.

Nilikaa chini juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji.

Kule kwa mchoraji sikuiona hasara hii, wala nisingeiona, maana picha sikuitazama. Mkwe wangu simtazami usoni, hata akiwa wa rangi. Miaka minane ya ndoa na heshima yangu haijatetereka. Akizungumza nami naangalia kilemba. Vilemba vyake vyote navijua. Uso ni mambo ya familia yake.

Jumamosi anakuja kulikagua tela, na ukoo mzima nyuma yake. Siku hiyo atatamka nani atalivuta msimu huu wa harusi: mimi, au shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeitwa Injinia kwa sababu ana kisanduku cha spana chenye kufuli. Shemeji ana pikapu mpya. Ana raba za matope nyuma ya kila tairi. Ana doa jeusi chini ya jicho la kushoto, saizi ya mbegu ya papai, na akicheka, doa nalo linanicheka. Akipewa tela yeye, mimi nabaki na pikapu isiyo na kazi uani na mke mwenye maneno ndani.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi na mapema kwa fundi wa gereji. Nikamwuliza kijanja, kana kwamba tatizo ni la rafiki yangu. Akasema huyo rafiki anunue raba za matope, zile nene zinazoning'inia nyuma ya tairi. Ziwe pana kuliko tairi lenyewe. Zifungwe kwa utepe wa chuma na bolti tatu kila moja. Zisigusane na tairi, na zisiburute. Ziache shubiri moja kutoka ardhini. Kazi ya saa moja tu. Akaongeza kwamba rafiki yangu ameegesha vibaya, amemzibia geti.

Nikaondoka nimeelewa kila kitu isipokuwa hapo kwenye kununua. Raba ni raba. Nyumba yangu imejaa raba. Kikanyagio cha mlango wa mbele ni raba. Cha mlango wa jikoni ni raba. Viwili hivyo, na matairi ya nyuma ni mawili. Mambo yamejipanga yenyewe.

Nimevitoboa kwa msumari, nikavifunga kwa waya. Kimoja kimeandikwa KARIBU. Nikakigeuza maandishi yaelekee nyuma, kwa mama mkwe, akisome yeye. Ni mkubwa wangu.

Kisha jino. Mchoraji kasafiri, harudi mpaka wiki ijayo. Nikakumbuka kopo la rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka geti. Nikangoja mke wangu aingie kuoga. Brashi ndogo, pumzi nimezibana, mpako mmoja tu. Pengo likafungika. Meno sasa yamenyooka mstari mmoja mweupe, hayana dosari. Sijawahi kufanya kazi safi namna hii tangu nizaliwe. Inauma kwamba siwezi kumwonyesha mtu.

Jioni nikamchokoza mke wangu kwa maswali. Je, mama yake amewahi kusumbuliwa na meno? Akasema hata siku moja. Meno ndiyo maringo ya mama yake, watu wanamsifia mpaka leo. Moyo wangu ukatulia. Fikiria angekuja Jumamosi akakuta pengo! Mke wangu akacheka, akataka kujua meno ya mama yake yananihusu nini. Akicheka unauona mwanya wake, mwanya ule ule ulioniponza nikaoa. Kaurithi kwa nani sijui. Labda kwa marehemu baba yake, nasikia alikuwa mtu wa kucheka sana.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya majaribio. Viti mia moja na hema kubwa, kupeleka kwenye ukumbi wa mjini. Vikanyagio vyangu vinaning'inia nyuma ya matairi, vimetulia. Nikajisikia mtu mwenye akili.

Kwenye kokoto, kimya. Hakuna ko hata moja. Nikaongeza mwendo. Hapo ndipo shemeji Injinia akatokea nyuma, akanipita, akapiga honi, akanyoosha kidole kwenye matairi yangu. Nikampungia mkono. Akapiga honi tena. Nikampungia tena, kwa dharau kidogo. Nikadhani kaona wivu.

Kumbe kikanyagio ni kitu chepesi. Upepo ulipopata nguvu uliviinua vyote viwili vikalala hewani, na mawe yakapita chini yake moja kwa moja hadi kwa mama mkwe. Niliposimama ukumbini nikaenda nyuma. Kidevu kina mashimo tisa. Anaonekana kama aliyenyolewa na adui. Mbele yake lile neno KARIBU limechafuka tope, mawe yamekaribishwa kweli.

Meno, hata hivyo, salama. Kazi yangu imesimama imara.

Nyumbani mke wangu ananiuliza vikanyagio viko wapi, watu wanaingia na matope hadi sebuleni. Nikasema vimeibiwa. Akasikitika sana kuhusu dunia ilivyofika. Akaenda kumwambia jirani. Jirani akaingiza cha kwake ndani na kufunga mlango.

Saa kumi na moja simu ya mama mkwe. Nikasimama wima kwanza ndipo nikapokea. Akauliza tela linaendeleaje. Nikasema hajambo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimewaza usiku kucha na jibu nimelipata. Vikanyagio vilikuwa vifupi na vyepesi. Dawa yake ni urefu na uzito.

Nimekwenda kwa mchomeleaji wa vyuma pale kona. Nikamwomba aunganishe vipande vingine vya raba, vifike chini kabisa hadi kwenye ardhi, jiwe likose hata pa kupenya, kisha kila kimoja akifunge pau ya chuma ukingoni. Akakumbuka kwamba fundi wa gereji husema iachwe shubiri moja. Nikamwambia fundi wa gereji hajui mama mkwe wangu.

Kuhusu malipo nilikuwa na mpango murua. Nikamwambia raba hizi ni bango linalotembea. Ataandika sifa zake na namba yake ya simu, nami nitamtangaza mji mzima. Akafurahi hadi akaongeza na picha ya kimoto cha kuchomelea kwenye kila raba. Maneno yakasomeka: MCHOMELEAJI HODARI, PIGA SASA. Nilikuwa njiani nikielekea ukumbini ndipo nikatambua kwamba nyuma ya raba hizo kuna tela, na nyuma ya tela ndiko waliko watu. Msomaji wake ni mmoja tu duniani, naye kachorwa.

Lakini zilifanya kazi. Kokoto zote, madimbwi yote, kimya kitupu. Niliimba.

Ukumbini mwenye ukumbi akaniambia nirudi rivasi hadi mlangoni, nipakie viti. Nikarudi. Raba ikajilaza chini ya tairi. Nikahisi pikapu inakataa, nikakanyaga mafuta. Tairi likapanda juu ya raba, raba ikavuta waya, waya ukavuta madigadi, lile bati linalofunika tairi, na madigadi ya kushoto ikang'oka yote ikaanguka kwa kishindo mbele ya mwenye ukumbi. Nikapata kiwewe. Nikaingiza gia, nikaenda mbele kwa nguvu. Tairi likaichomoa raba pamoja na pau yake ya chuma, likairusha.

Sitaki kuandika ilikotua. Naandika. Kidevuni. Shimo linaingia kidole gumba.

Mwenye ukumbi akaniuliza kama huyo mama tuna ugomvi naye.

Ijumaa, 8 Machi

Kesho ndiyo kesho. Ubao umetoboka, seremala haji mpaka Jumatatu. Nimeliziba shimo kwa sabuni ya kipande. Unaipasha mikononi, inalainika, unaishindilia, unaisawazisha kwa kisu cha mezani. Juu nikapaka rangi ya kahawia kutoka kwenye kopo la kabati. Imekoza kidogo kuliko ngozi yake. Ana kidevu cha mtu mwingine, lakini kimejaa.

Mke wangu akanifuma na kipande cha mwisho cha sabuni mkononi. Akaitazama picha. Akakitazama kidevu. Akaona, chini ya pikapu, kikanyagio chake cha mlango wa jikoni kimeandikwa PIGA SASA. Nikaona bora niseme. Nikamweleza mawe, upepo, pau, rivasi. Jino sikulitaja, kwa kuwa lilishapona.

Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa juu ya ndoo yangu, akasema kwa upole nimpigie mama yake simu sasa hivi nimwambie mambo yote. Mama yake husamehe kosa, alisema, asichosamehe ni kufichwa. Nikasema nitapiga. Nikaishika simu nusu saa. Sikupiga.

Naogopa, ndiyo. Wacha niandike hapa ambapo hakuna anayesoma. Siogopi kelele za mama mkwe, sijawahi hata kumsikia akipaza sauti. Naogopa Jumapili asubuhi, niamke, nivae, kisha pasiwe na pa kwenda. Nimwone shemeji akipita na tela, mama mkwe akitabasamu nyuma yake, nami nimesimama getini na bomba la kumwagilia maua. Hata maua hatuna.

Basi nimefanya hivi. Nimechukua hema dogo, nimelifunika tela lote. Kesho nitasema ni uzinduzi. Watu wakiwa wengi, wakipiga makofi, nani atakagua kidevu?

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ilinyesha alfajiri. Hema lilikuwa la zamani, linavuja. Sikulifikiria hilo.

Saa nne wakaja. Mama mkwe, kilemba cha zambarau, cha shughuli kubwa. Dada zake watatu. Shemeji Injinia na simu yake tayari kwa kupiga picha. Nikatoa hotuba fupi kuhusu maendeleo. Nikavuta hema.

Sabuni ilikuwa imelowa. Rangi ya kahawia imechuruzika, na kidevu kizima cha mama mkwe kinatoa povu. Povu jingi, jeupe, linashuka taratibu hadi kwenye chuma cha kufungia tela. Upepo ukapuliza kipande kikapaa, kikamtua shemeji begani. Shemeji akalazimika kushika mti kwa kicheko.

Nikapiga magoti kwenye matope. Nikasema yote. Vikanyagio, tangazo la mchomeleaji, rivasi, madigadi, sabuni. Nilikuwa nazungumza na kilemba na machozi yalikuwa karibu. Nilipomaliza, povu lilikuwa bado linadondoka.

Mama mkwe akasema kidevu ni ubao, na ubao unabadilishwa. Akasema ninyanyuke, naharibu suruali. Nikanyanyuka mwepesi, nikaanza kutabasamu. Ndipo akasogea karibu na picha, akainua mkono, akagusa meno. Akauliza, polepole, ni nani aliyemziba mwanya wake.

Nikauliza mwanya gani.

Akasema mwanya aliozaliwa nao. Mwanya ambao marehemu mume wake aliuona siku moja kituo cha basi, akaacha basi lake likaondoka, akamfuata hadi nyumbani kwao. Alimwambia mchoraji, akikosea mengine yote, mwanya asiukosee. Naye hakuukosea. Aliuona Jumapili kwa macho yake, kabla sijalichukua tela.

Kila mtu akanigeukia. Mke wangu akaweka mkono kichwani, akaniuliza, yaani maswali yote yale ya meno ndiyo haya? Kisha akaanza kucheka yeye, wakacheka mama zake wadogo na mama zake wakubwa, akacheka shemeji, na katika midomo ile yote iliyofunguka nikaona mwanya, mwanya, mwanya, mwanya. Miaka minane nakula nao meza moja.

Mama mkwe yeye hakucheka. Aliniambia nimtazame. Nikakitazama kilemba. Akasema siyo hapo, shuka. Nikashuka. Nikaona meno mawili ya juu na mwanya katikati, ule ule wa mke wangu, ila huu mkubwa na umezoea kuamrisha. Nikasema nimeuona. Nikarudi kwenye kilemba haraka, maana heshima ni heshima. Lakini nilijisikia vibaya kweli. Jiwe halikuwahi kumgusa Jumatatu. Mimi ndiye niliyemgusa, tena kwa brashi, tena kwa furaha.

Hukumu ikaja. Tela linabaki kwangu. Shemeji akaacha kucheka ghafla. Mama mkwe akasema wanaume wote wa familia hii wanamwogopa, lakini ni mmoja tu aliyeng'oa vikanyagio vya nyumbani kwake kumkinga na mawe, na huyo, hata kama ni mjinga, ni mjinga wake. Masharti ni mawili. Raba za kweli, zifungwe na fundi wa gereji, mimi nikiwa nimesimama mbali. Na nisiguse uso wake tena kwa kitu chochote. Mchoraji ataitwa aanze upya, kwa sababu mbali na mwanya kuna kitu kingine alichozaliwa nacho ambacho mchoraji alikisahau, safari hii asikisahau.

Alikuwa bado anaeleza ni kitu gani, ila mimi sikusikia. Nilikuwa nautazama uso wa shemeji. Ulikuwa umenywea vizuri sana.

Alhamisi, 14 Machi

Raba mpya zimefungwa. Nene, pana kuliko tairi, bolti tatu kila upande, shubiri moja kutoka chini. Fundi alinisimamisha ng'ambo ya barabara hadi alipomaliza. Nimerudi rivasi mara sita kwa makusudi, hazishikwi. Kikanyagio cha KARIBU kimerudi mlangoni, kimeoshwa. Cha jikoni mke wangu kakikataa.

Mchana nimelichukua tela kwa mchoraji, uso mpya, ubao mpya. Nimepita barabara ya kokoto kwa mwendo wa kawaida na redio imewashwa. Hakuna ko. Kwenye kioo mama mkwe ananitabasamia, mwanya wazi, kidevu chake mwenyewe. Mimi ni mtu niliyejifunza mengi wiki hii. Nimekuwa mwangalifu. Sasa naangalia.

Na ni kwa kuangalia huko ndipo nimegundua hasara. Nilikuwa namwosha vumbi. Chini ya jicho la kushoto pana doa jeusi, saizi ya mbegu ya papai. Nimelisugua kwa sponji, halitoki. Lazima ni jiwe lililoruka juu ya raba. Fundi yule na shubiri yake moja.

Maskini mama mkwe. Anakuja kesho asubuhi, na sitaki akute hali hii baada ya wema wote alionitendea. Sijamsumbua mke wangu, ana kazi zake. Kwa bahati nzuri ile rangi ya kahawia ilibaki, na brashi haijakauka. Ni doa dogo. Mpako mmoja tu.